Siinami Tena

Mtaka cha mvunguni, walisema, sharti ainame.
Basi mimi siinami tena.
Nyonga ya kushoto ni chuma, ya kulia ni kelele,
na daktari, kijana mpole mwenye macho ya usingizi,
alichora duara kwenye picha: hapa pamekwisha.

Oktoba nikarudisha ufunguo wa kitalu.
Miaka kumi na tisa. Hatua thelathini kwa kumi na mbili,
nyuma ya reli, upande wa Maryhill,
ambapo sukuma wiki yangu na keli yao
siku moja tuligundua ni jani lile lile,
lenye majina mawili na baridi moja.

Kamati ilinipa kadi na keki ya karoti.
Callum na mkewe, waliongoja miaka sita kwenye orodha,
waliingia na utepe, wakipima kwa furaha
mahali nilipomzika paka.
Sikuwaambia. Viazi vitawaambia.

Nimebaki na ghorofa ya kumi na moja
na dirisha moja la kusini.

Udongo nimenunua.
Ngoja nirudie nijisikie: udongo, nimenunua!
Pauni sita mfuko, duka la rangi na misumari.
Binti wa Mwanahawa wa Tongoni, aliyelima bila kiatu,
kasimama kwenye foleni kakumbatia udongo
kama mtoto wa watu,
kapewa na risiti.
Mama, kama huko uliko watu hucheka, cheka.

Lifti iligoma siku hiyo.
Mfuko ukalala siku mbili chumba cha takataka
ukimngoja fundi.

Mvua ya Glasgow hainyeshi, inakaa. Ni mpangaji.
Inagonga kioo usiku kucha,
na upande huu, unene wa ukucha kutoka kwenye maji yote hayo,
mchicha wangu unakufa kiu.
Nabeba kikombe. Nanywesha mche kwa mche.
Samahani, naiambia, wingu la leo ni mimi.

Desemba jua huja kwangu saa tano,
saa tisa limeshavaa koti.
Shaali, mwanangu, akaniletea taa ya zambarau.
Wiki haikuisha, hodi: McAllister, msimamizi wa jengo,
amevaa uso wa kazi.
Watu wa ng'ambo ya barabara walikuwa wamehesabu madirisha.
Akaingia. Akaona mchicha, kotimiri,
miche miwili ya pilipili mbuzi na bibi mwenye fimbo.
Akanusa. Akanusa tena, kwa kujiridhisha.
Akaomba kotimiri kidogo, ya supu.

Machi pilipili ikatoa ua.
Likaanguka. La pili nalo.
Nikalaumu baridi, nikalaumu maji ya bomba,
nikamlaumu Shaali na zambarau yake,
hadi usiku mmoja nikisuuza kikombe nikaelewa:
nani atapanda huku juu? Nyuki gani anajua lifti?

Nikafungua droo. Brashi ya wanja,
haijaguswa tangu arusi ya Nasriya.
Nikaenda ua hadi ua, mkono ukitetemeka,
nguo ya kulalia, miwani puani,
nikivuma kidogo,
sijui kwa nini. Niliona ni adabu.

Leo kuna moja.
Ya kijani, ndogo kama kucha la mtoto mchanga,
inaning'inia usawa wa kiuno changu.
Nimevuta kiti tu.
Mvungu wenyewe umepanda juu kunifuata,
umechoka kusubiri niiname.

Ufunguo wa akiba wa kitalu bado uko mfuko wa koti,
pamoja na mbegu tatu za boga zilizogandana na uzi.
Kamati hawajauliza.
Nikipita na basi namba sitini, hutia mkono mfukoni.